Jicho la Bi Subilaga

Tangu sarafu za nchi saba zilipounganishwa kuwa moja, kazi ya Bi Subilaga Mwakitalu ilikuwa kukaa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameamua nani apewe mkopo na nani asipewe katika tawi la Tukuyu la Benki ya Nyanda. Sasa alilipwa mshahara uleule, tena na nyongeza juu, ili akae kwenye kiti cha kuzunguka karibu na dirisha, awachekee wageni, na asiguse kitu. Wanafunzi waliletwa kumtazama. Wakubwa walipiga naye picha. "Huyu ndiye mwenye Jicho," waliambiana, naye akiitikia kwa kichwa kama bi harusi wa ndoa ya tatu.

Alikuwa amechoka. Hakuchoka kwa kazi, maana kazi haikuwapo. Alichoka kwa kukaa, kwa mvua ya Tukuyu isiyojua mapumziko, na kwa kuona watu wakiingia kwenye kibanda cha kioo pale katikati ya ukumbi, wakiongea na mashine inayowapima kwa macho yake, kisha wakitoka bila hata kumwangalia.

Jumatano ile asubuhi aliingia mwanamke mrefu, mkavu wa mwili, wa miaka arobaini hivi. Ndala zake za tairi zilijaa tope jekundu. Hakwenda kwenye kibanda. Alinyoosha moja kwa moja hadi kwenye kiti cha kuzunguka, akatoa karatasi iliyofungwa vizuri ndani ya nailoni.

"Mama, ni wewe Subilaga?"

"Ni mimi. Karibu mama, keti."

"Nitakaa. Kwanza wacha nikuangalie vizuri." Akamwangalia, juu mpaka chini, bila haraka wala haya. Kisha akakaa. "Ati nilidhani wewe ni mtu mkubwa."

Bi Subilaga akacheka. Ilikuwa muda mrefu hajachekeshwa na mtu mle ndani. "Na mimi zamani nilidhani hivyohivyo. Umetoka wapi?"

"Lodwar. Siku nne barabarani. Naitwa Akiru Lokwang. Wewe ndio uliniandikia hii barua."

Barua ilikuwa ya mistari miwili. *Ombi lako limekataliwa. Uamuzi umetolewa kwa Jicho la Subilaga Mwakitalu, Tukuyu.* Sheria ya Umoja wa nchi hizo saba ilikataza mashine kumnyima mtu kitu bila jina la binadamu kuwekwa chini yake. Waliotunga sheria hiyo walidhani wanaleta utu. Iliwekwa pia haki ya rufaa: aliyekataliwa hakuruhusiwa kuomba tena kwa miaka mitano, popote ndani ya nchi saba, isipokuwa afike kwa miguu yake mbele ya mwenye Jicho. Katika miezi minane hakuna aliyewahi kufika. Nani atoke Lodwar, au Goma, au Juba, aje Tukuyu kugombana na bibi mmoja?

Inabidi kueleza jicho la mtu lilivyofika huko. Sarafu mpya iliitwa ziwa, kwa sababu wakubwa walishindwa kukubaliana jina la mlima, la mnyama wala la marehemu yeyote, na ziwa angalau lilikuwa la wengi. Lakini ukishakuwa na fedha moja huwezi kuwa na mizani saba. Benki ya nchi moja ikikopesha ovyo, hasara yake inazilowesha zote. Kabla sarafu haijaanza ikaamriwa ipatikane mizani moja ya kumpima mkopaji, na benki itakayoileta ndiyo itakayokopesha wananchi wa kawaida kote kwenye Umoja. Nyingine zingebaki milango yake tu. Benki kubwa za nchi jirani zilishajipanga kuwameza wadogo. Kila nchi ikatoa mtu wake mmoja, mpimaji hodari kuliko wote, akavalishwa utepe mwembamba wa kusoma ubongo: anachokiona, kinachomgusa, anachoamua. Bi Subilaga aliuvaa chini ya kilemba kwa miaka minne, asubuhi akiingia kazini mpaka jioni akitoka. Watu elfu kumi na moja walipita mbele yake. Kati ya kila mia aliowakubalia, tisini na wanane walilipa. Hakuna mpimaji wa nchi yoyote aliyemkaribia. Ndivyo benki ndogo ya nyanda za juu ilivyogeuka mkopeshaji wa nchi saba, na Bi Subilaga akageuka pambo.

"Ulikuwa unataka mkopo wa nini?" akamuuliza Akiru.

"Mashine mbili za kukamua maji kutoka hewani. Si mpya. Mimi ni fundi wa hizo mashine, miaka kumi na mbili. Lile shirika lenye lilikuwa nazo lilienda, likaacha vyuma. Naweza zifufua."

"Chujio likiziba?"

"Hiyo ni kila wiki, na vumbi ya kwetu. Naosha na majivu na siki, halafu naanika usiku. Wale wa shirika walikuwa wanatupa wananunua mpya. Ndio maana walishindwa."

"Na maji utamuuzia nani?"

"Watu wa ngamia wako na pesa na hawana maji. Shule haina pesa, hiyo nitawapa yenye inabaki."

Bi Subilaga akamtazama mikono. Vidole vilikuwa na makovu ya fundi, kucha fupi, na hakuna kidole kilichotetemeka alipotaja pesa. Moyo wa mpimaji hausemi mengi, husema *mpe* au husema *mwache*, na wake ulisema *mpe*, tena upesi. Sasa lile Jicho lililotolewa humohumo kichwani mwake lilikuwa limeona nini kingine?

Akawa bado anajiuliza mdomo ulipomtangulia, kwa mazoea tu, kama mtu anavyosema *pole* kwa aliyejikwaa.

"Basi nenda, mama, urudi na mtu. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Akiru akakunja uso. "Mtu gani?"

"Yeyote. Ndugu, jirani, mtu wa kanisani."

"Mama." Akaongea polepole, kana kwamba anamweleza mgonjwa. "Nimekuambia nimetoka Lodwar. Watu wangu walikwisha kwa kile kiangazi cha tatu. Majirani walihama. Nirudi siku nne nimlete nani?"

Bi Subilaga akakitazama kile kibanda cha kioo. Aliogopa, na alijua hasa anachokiogopa.

Kwao hakuna aliyeomba mkopo peke yake siku ya kwanza akaupata. Mpimaji aliyemfundisha kazi alifanya hivyo, na aliyemtangulia huyo. Mtu akija peke yake, unamwambia nenda, urudi na mtu. Halikuwa katazo, ilikuwa namna ya kumkaribisha. Akirudi na mtu, unamtuma mwombaji akanunue chai ya wote, na huku nyuma yule aliyesindikiza anakumwagia habari zote: analima kweli, anakunywa, ana mke wa pili Kyela. Na asiye na mtu? Huyo hakurudi, kwa hiyo Bi Subilaga alimfuata mwenyewe. Saa kumi na moja alivua utepe, akauweka kwenye kisanduku chake kama taratibu zilivyotaka, akavaa mabuti ya mvua, akapanda vilima mpaka kwa mjane fulani, akakaa jikoni, akaangalia migomba. Kesho yake aliita balozi wa nyumba kumi aje kukaa na mjane huyo mbele ya meza, na mkopo ukatoka.

Utepe haukuona vilima. Haukumwona mjane jikoni kwake. Uliona mezani tu: mtu aliyekuja peke yake, amenyimwa. Mtu aliyekuja na mwenzake, amepewa. Elfu kumi na moja, miaka minne, bila kubadilika hata mara moja.

"Njoo," akasema. Sauti yake ilikwaruza. "Tuingie kule kwenye kibanda."

Ndani ya kibanda mlikuwa na viti viwili. Akiru alikaa cha mbele. Bi Subilaga akasema jina lake, akasema ni rufaa, akaamuru ombi lipimwe upya lilivyo, bila kubadilisha hata tarakimu. Kisha akaketi kiti cha pili, mikono mapajani, akanyamaza.

"Ombi limekubaliwa," ikasema mashine, kabla hata hajamaliza kuweka vizuri sketi yake. Sauti waliyoipa ilikuwa ya kike, ya upole. "Fedha zitaingia Ijumaa saa sita mchana."

Akiru aliangalia kioo, akamwangalia mwenzake, akaangalia kile kiti cha pili.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

"Nilinyimwa juu ya kukosa mtu kwa hicho kiti."

"Ndiyo, mwanangu."

Akiru hakumshukuru, na Bi Subilaga hakutarajia.

*

Alimkaribisha nyumbani kwake alale mpaka fedha ziingie, na Alhamisi asubuhi akamwendea meneja wa tawi. Lusajo Mwansasu alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na tano, mwenye sweta la kijani na watoto wanne shuleni. Bi Subilaga ndiye aliyemfundisha kazi.

"Nitafutie waliokataliwa kwa sababu moja tu, kuja peke yao."

"Mama, Jicho halisemi sababu. Lina alama kumi na mbili, hazina majina."

"Tafuta alama ambayo mtu akiomba na mwenzake inajaa, akiwa peke yake inakuwa sifuri."

Ilimchukua nusu saa. Ilikuwa alama ya saba. Lusajo alisoma idadi kwenye kioo, akavua miwani, akaifuta kwa sweta, akasoma tena. "Laki mbili na elfu kumi na mbili," akasema. "Tangu tuanze. Nchi zote saba."

"Wote kwa jina langu."

"Wote, mama."

Wajane, wahamiaji, wakimbizi, vijana waliokimbia kwao, watu waliozika kila mtu. Wote walikuwa na barua ya mistari miwili, na jina lake chini. Bi Subilaga alitamani kulia lakini machozi nayo yalikuwa yamechoka.

Mkurugenzi wa Benki ya Nyanda aliitwa Faustine Kashaija. Aliwahi kuwa karani Tukuyu kwa miaka miwili, enzi za ujana, na tangu hapo alimwita Bi Subilaga dada. Uso wake ulitokea ukutani kwa Lusajo ukiwa na furaha ya mtu aliyebakiwa na siku moja kabla ya sherehe. Kesho, saa nne asubuhi, marais saba walikuwa wanatia muhuri wa kudumu. Baada ya muhuri, Jicho lisingeguswa kwa miaka kumi ila kwa kauli moja ya nchi zote, na nchi saba hazijawahi kuwa na kauli moja hata kuhusu chakula cha mchana.

Kashaija alimsikiliza Bi Subilaga mpaka mwisho. Furaha ikamtoka usoni kidogokidogo.

"Dada, tutatangaza. Redio, simu, kila mahali: njooni wawili."

"Waliokwisha kataliwa wamefungiwa miaka mitano. Na asiye na mtu atamtoa wapi? Utasikia watu wa kukodi wanakaa nje ya vibanda, kiti hiki ziwa mia mbili."

"Basi tulirekebishe."

"Nirekebishie basi. Leo."

Kashaija alijua haiwezekani, na Bi Subilaga alijua kwamba anajua. Kulirekebisha Jicho hakuruhusiwi. Ukiruhusu nchi moja iichokonoe mizani, kesho kila nchi itaichokonoa iwapendelee watu wake, na hapo sarafu imekwisha. Njia iliyoachwa ilikuwa moja: kwa kuwa Jicho lilitoka kichwani mwa mtu, mtu huyo angeweza kulikana kabla ya muhuri. Likikanwa, linazimwa lote, na nafasi inakwenda kwa benki ya nchi jirani iliyoshika namba mbili.

"Unakumbuka zamani?" akasema Kashaija. "Mambo yakiharibika tulishusha riba. Tulibadilisha masharti. Tulimpigia mtu simu benki kuu, akafoka, kisha akatusaidia. Leo benki kuu yetu ni bawabu. Inafungua mlango asubuhi, inafunga jioni. Kitu pekee nchi hii ilichoingia nacho kwenye Umoja, kikasimama, ni hiki. Ni wewe. Wafanyakazi mia sita na arobaini, dada. Wale namba mbili wakiingia hawabaki hata hamsini. Lusajo yuko hapo, muulize."

Lusajo aliinamia meza.

"Na hao namba mbili jicho lao ni zuri?" akauliza Kashaija. "Unalijua? Huenda lina maovu kuliko lako."

"Silijui."

"Kwa hiyo unaibomoa nyumba ya watu, na huna hakika kama mvua itakoma."

Hilo lilimwingia. Lilikuwa kweli, na mtu akichoka ukweli humuuma mara mbili. Bi Subilaga alisema atafikiri. Kashaija akamwambia, kwa sauti ya karani wa zamani, "Tafadhali, dada Subi," na ukuta ukawa ukuta.

*

Jioni alipika ndizi za nazi na kuweka chai ya tangawizi kwa ajili ya baridi. Akiru alikula kwa heshima, bila kusema ndizi ni tamu wala mbaya. Siku nzima alikuwa amechora kwenye karatasi mahali atakapoziweka mashine, kivuli kitakapoangukia, upande upepo unakotoka. Alikuwa amebadilika uso. Alionekana kama mtu mwenye kesho.

Bi Subilaga aliona heri amwambie kabla sahani hazijaoshwa, maana mficha maradhi kilio humuumbua.

"Nikilikana Jicho kesho, kila mkopo ambao fedha zake hazijatoka unafutwa. Wako unatoka saa sita. Jicho linakanwa kabla ya saa nne."

Akiru aliweka kikombe chini. "Halafu mimi?"

"Utaomba upya kwa hao wengine. Barua ya kukataliwa itafutika, ya wote itafutika. Lakini jinsi wanavyopima sijui. Wanaweza wakakupa, wanaweza wasikupe."

"Si ungoje saa sita."

"Muhuri hauningojei."

"Si unilipe wewe."

"Mshahara wangu wa mwaka haununui hata mashine moja."

Mvua ilipiga bati. Akiru akasema, si kwa ukali, "Ulininyima bila kunijua. Sasa unanijua, umenilisha kwako, halafu unaninyima tena. Wewe mama ni mtu mbaya."

Akakunja karatasi yake ya michoro, akaenda kulala. Bi Subilaga aliosha vyombo peke yake. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, amebakiza miezi mitatu tu apate kiinua mgongo, na hakuna mtu duniani aliyemwomba afanye jambo hili. Hata wale laki mbili hawakumwomba. Hawakujua kwamba kuna la kuomba.

*

Ijumaa saa tatu na nusu ukumbi wa benki ulikuwa umejaa. Lusajo alikuwa amepamba kwa maputo, na ukutani zilionekana bendera saba na marais wakiingia ukumbini mmoja mmoja. Akiru alikuja naye lakini hawakuongozana, alitembea hatua kumi nyuma. Aliketi kwenye benchi la wateja akiangalia saa ya ukutani, akingoja saa sita yake.

Bi Subilaga aliingia kwenye kibanda, akauacha mlango wazi. Hakutaka jambo lifanyike kwa siri. Akasema jina lake na akasema nia yake.

"Tamko la kukana Jicho," ikarudia ile sauti ya upole, na ukumbi wote ukasikia. "Eleza sababu."

"Jicho linawanyima watu wasio na mtu. Nimelifundisha mimi. Nilikuwa nawaambia warudi, lenyewe likajifunza kuwafukuza. Nalikana lote."

Maputo yalikuwa yanagusana kwenye dari. Mtu akasema, "Mama amepatwa na nini?"

"Sababu imepokelewa," ikasema mashine. "Tamko linahitaji shahidi aliyeketi pamoja na mtoa tamko. Kiti cha pili kiko tupu."

Bi Subilaga hakulijua hilo. Hakuna aliyewahi kukana jicho, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuisoma kanuni hiyo. Akageuka, akamtafuta Lusajo kwa macho.

Lusajo alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake, simu sikioni, na kwa jinsi alivyosimama wima ilieleweka nani yuko upande wa pili. Akaishusha simu. "Mama, unisamehe," akasema. "Nina watoto wanne." Alilia aliposema hivyo, mtu mzima, mbele ya wateja wake, na Bi Subilaga hakumlaumu.

Akaangalia makarani. Wakaangalia vioo vyao. Mlinzi, Mzee Ambakisye, ambaye kwa miaka ishirini alimshikia mwavuli, aligeuka kutazama barabara. Wateja kwenye mstari kila mmoja alikuwa na ombi lake ndani ya tumbo la ile mashine, wengine walikuwa wanalipwa wiki ijayo. Mama mmoja aliyejengewa kibanda cha parachichi kwa mkopo wa mkono wa Bi Subilaga alianza kupekua mkoba, akipekua pasipo na kitu.

Ukutani rais wa tano alikuwa ameketi.

"Tamko haliwezi kupokelewa," ikasema mashine. "Mtoa tamko yuko peke yake."

Bi Subilaga akashika ukingo wa kiti. Alijisemea basi, nimejaribu, na akaona aibu kwa nafuu aliyoisikia. Angetoka, angekaa kwenye kiti chake cha kuzunguka, miezi mitatu si mingi.

"Mtoa tamko yuko peke yake," ikasema tena, kwa upole uleule. "Tamko litafungwa."

Benchi likalia. Akiru alikuwa amesimama. Alitembea katikati ya ukumbi na zile ndala zake za tairi, akiongea na nafsi yake kwa Kiturkana, maneno ambayo hayakuhitaji mkalimani. Akaingia, akakivuta kile kiti cha pili, akakikalia kwa nguvu.

"Si kwa ajili yako, mama," akasema.

"Najua."

"Hiki kitu ndivyo kilinifungia kule Lodwar. Hivyohivyo. Na hiyo sauti."

"Mashine zako, mwanangu..."

"Usinikumbushe." Macho yake yalikuwa mekundu. "Harakisha, kabla sijabadilisha."

Mashine ilimtambua. Ilisoma kwamba ana mkopo unaosubiri, na ikamwonya kwa taratibu kwamba akishuhudia tamko hili mkopo huo utafutika, na kwamba kurudishiwa hakuna hakika. Ikauliza kama ameelewa. Akasema ameelewa. Rais wa saba alikuwa anashikishwa kalamu.

"Shahidi, taja jina lako na uhusiano wako na mtoa tamko."

"Akiru Lokwang."

"Uhusiano?"

Akiru akamgeukia Bi Subilaga, akamwangalia tena vile alivyomwangalia Jumatano, juu mpaka chini, bila haraka, ingawa haraka ilikuwapo. Kisha akaielekea mashine.

"Alininyima mkopo," akasema.

Mashine ikasema haikuelewa, ikamwomba arudie. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, na safari hii ikaandika, tamko likapokelewa, na ukutani kalamu ilikuwa bado haijagusa karatasi.